Mradi wa sola na wenyeji: nani aambiwe nini, na lini?

SWALI: Kwako Mhariri. Nimeajiriwa na kampuni yenye ofisi hapa Nairobi, nami nimekabidhiwa uhusiano na wenyeji katika mradi wa sola wa megawati 40 unaokusudiwa kujengwa Kajiado, kwenye ardhi ya jamii. Wakubwa wangu wanaona kwamba tukishafanya baraza moja kwa chifu na kukusanya sahihi za waliohudhuria, kazi imekwisha. Mimi nina wasiwasi. Je, hilo latosha?
– Msomaji, South B

JIBU: Halitoshi, ndugu msomaji. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji katika ardhi ya namna hiyo yaidhinishwe na thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili ya jambo hilo, wala si katika baraza ambalo asubuhi hiyo hiyo limejadili chanjo ya mbuzi na basari za wanafunzi. Orodha ya mahudhurio si idhini. Wakubwa wako wakisema huo ni urasimu tu, wakumbushe mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60 huko Kinangop, uliofutwa mwaka 2016 baada ya mvutano wa ardhi na maandamano ya wakazi, au uamuzi wa mahakama mjini Meru wa Oktoba 2021, uliosema kwamba hati za ardhi ya mitambo ya upepo ya Marsabit zilipatikana kinyume cha utaratibu, ilhali mitambo yenyewe ilikuwa imekwisha kuzalisha umeme.

Sheria kando, naona kosa kubwa la kampuni nyingi ni kuwaeleza watu mazuri kwanza na kuyaacha machungu wayagundue wenyewe. Chungu la kwanza ni kwamba umeme wa mradi kama wenu huingia gridi ya taifa, hauendi moja kwa moja katika nyumba za jirani. Mama atakayeona nyaya zikipita karibu na boma lake huku yeye angali anawasha koroboi atajiona ametapeliwa, isipokuwa aliambiwa mapema, na kama kampuni imeahidi chochote badala yake, iwe kisima au sola ya zahanati, ahadi hiyo iandikwe katika mkataba pamoja na tarehe. La pili ni ajira: vibarua huhitajika kwa wingi wakati wa kuchimba mashimo, kusimamisha vyuma na kufunga paneli, kisha hubaki walinzi, wafyekaji, waosha paneli na mafundi wachache. Semeni hivyo hivyo, na mtaje ajira hizo zitadumu kwa miezi mingapi.

Kuhusu ardhi, ukubwa unaotajwa kwa ekari haumwingii mtu akilini mpaka auone. Mtambo wa Garissa wa megawati 50 ulichukua takriban hekta 85, kwa hiyo wenu nao hautakuwa mdogo. Kabla uzio haujawekwa, uzungukeni mpaka wote wa eneo la mradi pamoja na wazee, wanawake na vijana wachungaji, mkipigilia vigingi, kwa kuwa ni mchungaji, wala si mpimaji, anayejua ng'ombe hupita wapi kwenda kwenye silanga wakati wa kiangazi. Waelezeni pia maji ya kuosha paneli yatatoka wapi, kwani Kajiado hilo litaulizwa kabla ya fidia.

Matangazo yatolewe kwa Kimaasai na Kiswahili, redioni na kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Kisha wekeni daftari la malalamiko mahali panapofikika kwa miguu, mwenye lalamiko apewe nakala, na ajulishwe siku ya kupata jibu.

SWALI: NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikishatoa leseni ya mradi, mwenyeji asiyeridhika ana pa kwenda?
– Msomaji, Kasarani

JIBU: Anapo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inampa siku 60 za kukata rufaa mbele ya jopo la kitaifa la kusikiliza mashauri ya mazingira, na asiporidhika na uamuzi wa jopo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Afisa wa uhusiano aliye makini huzitaja siku hizo mwenyewe, mkutanoni, leseni inapotolewa.