Maswali Yenu: Akiba Isianzie Kwenye Sahani ya Mtoto

Barua ni nyingi mwezi huu. Nimechagua zinazogusa nyumba nyingi. Walioniuliza wakope wapi ili walipe mkopo mwingine, tafadhali someni jibu la mwisho kabla ya kuniandikia tena.

Tufundishe jinsi ya kupunguza matumizi nyumbani, hali ni ngumu. (Msomaji, Pipeline)

Swali hili huja kila mwezi, na kila mwezi jibu ni lile lile: siwezi kupunguza nisichokijua. Hujasema mko wangapi, kodi ni ngapi, mnapikia nini wala nani analeta pesa. Chukua daftari la mtoto lililobakisha kurasa, uandike kila shilingi inayotoka kwa wiki mbili, ya mama na ya baba, mpaka ya bodaboda na ya bando. Jumbe za M-Pesa zimekwisha kukuandikia sehemu kubwa. Usipoandika, utakata kile kinachoonekana, yaani chakula, na kile kinachokumaliza kitaendelea kukumaliza. Niandikie tena ukiwa na daftari.

Nampa mke wangu 700 za jikoni kila siku, tuko watu watano. Nimemwambia apunguze maziwa na nyama ili tuweke akiba ya kiwanja, lakini analalamika. Mama, nisaidie kumweleza. (Baba wa watatu, Kasarani)

Baba wa watatu, sitamweleza. Gawa 700 kwa watu watano: ni 140 kwa kila mmoja, chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni. Anayelisha mtu siku nzima Nairobi kwa 140 ameshabana mahali pote pa kubana. Ukimwambia apunguze tena, atapunguza sahani yake kwanza, kisha za watoto, na wewe hutaiona tofauti kwa sababu yako ataendelea kuijaza.

Barua yako imetaja maziwa na nyama. Haijataja hata mara moja unachotumia wewe kuanzia unapotoka nyumbani hadi unaporudi: nyama choma ya Ijumaa, kadi za simu, mchango wa marafiki, mechi unazowekea pesa kama zipo. Nimesoma barua za namna hii kwa miaka mingi, na karibu zote bajeti ya nyumba ni bajeti ya mama peke yake. Wekeni daftari moja mezani, yako na yake, muone kwanza pesa zinaenda wapi.

Mkitaka kubadilisha chakula, badilisheni bila kukipunguza. Nyama ya ng'ombe si lazima iliwe kila juma. Omena, ndengu, maharagwe na mayai vinajenga mwili vilevile, na githeri yenye maharagwe ya kutosha ni mlo kamili kuliko wali mtupu wenye mchuzi wa nyama vipande viwili. Maziwa ya mtoto mdogo yaachwe yalivyo. Mtoto aliyedumaa katika miaka yake miwili ya kwanza mara nyingi harudishi kimo hicho maishani, na hakuna kiwanja kitakachomrudishia.

Na kwa kuwa umetaja kiwanja: usilipe hata amana kabla ya kufanya upekuzi rasmi wa hatimiliki. Mfumo wa Ardhisasa, unaofanyia upekuzi huo mtandaoni, ulianza Nairobi mwaka 2021. Picha ya hatimiliki uliyotumiwa kwa WhatsApp haithibitishi chochote.

Tokeni za umeme za 1,000 zamani zilidumu, sasa zinaisha upesi. Ni kweli kwamba ukinunua usiku au katikati ya mwezi unapata nyingi? (Mama wa wawili, Umoja)

Si kweli, na tafadhali acheni kusambaziana ujumbe huo. Saa ya kununua haibadilishi chochote. Wanaosema tokeni ya kwanza ya mwezi "huliwa" wanakumbuka ada ya kudumu ya shilingi 150, ambayo iliondolewa mwaka 2018. Kinachobadilika mwezi kwa mwezi ni tozo ya mafuta ya kuzalishia umeme na ile inayofuata thamani ya shilingi, ndiyo maana 1,000 ya mwezi huu haikupi yuniti sawa na za mwezi jana.

Jambo kubwa zaidi ni daraja lako. Tangu Aprili 2023 nyumba hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: yuniti 30 kushuka chini, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Ukivuka 100, kila yuniti ni ghali zaidi. Swali la maana basi ni nini kinachokuvusha, na katika nyumba za Umoja naweza kukisia bila kufika: shawa ya umeme.

Shawa hizo huvuta karibu kilowati 5. Watu wanne wakioga dakika kumi kila mmoja, hizo ni yuniti 3.3 kwa siku, karibu 100 kwa mwezi, kabla hujawasha taa wala kupiga pasi. Mkioga dakika tano mmeokoa nusu. Lita tano za maji yaliyochemshwa kwa birika la umeme, zikichanganywa na baridi kwenye beseni, hula karibu nusu yuniti na mtu anaoga akatosheka. Pasi ya kawaida hula karibu yuniti moja ikiwa moto saa nzima, kwa hiyo pigeni nguo za wiki siku moja badala ya kuiwasha kila alfajiri kwa shati moja. Balbu za zamani za wati 60 tupeni. Za LED za wati 9 zinatoa mwanga wa kadiri hiyo hiyo.

Kama mko kwenye ploti yenye mita moja kubwa na mwenye nyumba amewawekea mita ndogo, matumizi yenu wote yanajumlishwa, kwa hiyo ploti nzima huweza kuhesabiwa katika daraja la juu hata kama wewe unawasha taa mbili tu. Muulizeni bei anayowauzia yuniti na mlinganishe na risiti yake. Kabla ya kuhamia nyumba, uliza kuhusu mita kama unavyouliza kuhusu maji.

Chaja ya simu ikiachwa kwenye soketi inakula stima? (Mwanafunzi, Kahawa West)

Kidogo mno, hutaona tofauti kwenye tokeni. Izime kwa ajili ya usalama.

Gesi ya kilo 6 inaisha kabla ya mwezi. Nirudi kwenye makaa? (Mama Kayole)

Mama, usikimbilie makaa kabla hujajua gesi inaenda wapi. Makaa ya kununua kwa kopo kila siku, ukiyajumlisha kwa mwezi, mara nyingi si nafuu. Umaskini wa Nairobi unalipishwa ghali kwa sababu unauziwa kidogo kidogo: kopo la makaa, kikombe cha mafuta, robo ya sukari. Hilo linaniuma kuliko jambo lolote ninaloandika hapa. Ukipata namna ya kununua mtungi wa kilo 13, hata kwa kuwekeana zamu kwenye chama, linganisha bei ya kilo moja moja na utaona.

Kinachomaliza gesi ni maharagwe na githeri. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Pika kilo nzima mara moja kwa wiki, ugawe, badala ya kuwasha moto wa saa mbili mara tatu. Funika sufuria, punguza moto yakishachemka. Sufuria ya presha ukiitunza inarudisha bei yake. Kikapu cha kutunzia joto kilichojazwa matambara au pamba kinaivisha bila moto kabisa, ila maharagwe mekundu ni lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kwanza, kwa sababu yana sumu ambayo joto la chini haliiui. Magadi yanaharakisha, nakubali, lakini yanaharibu vitamini B1. Mimi siyatii.

Sasa yale ambayo hukuuliza. Kila mtungi umepigwa chapa ya uzito wake ukiwa mtupu. Jumlisha kilo 6, kisha dai upimiwe kwenye mizani mbele yako. Usikubali mtungi uliojaziwa uchochoroni hata ukipunguziwa bei. Moto wa Embakasi wa Februari 2024 ulitokea mahali pa gesi pasipokuwa na leseni, katikati ya nyumba za watu. Na ukiamua kuwasha makaa, jiko lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi ya Julai, hata makaa yakionekana kuzimika. Hewa yake haina harufu, na watu hawaamki.

Kuna mahindi ya bei rahisi sana Githurai, yana kuvu kidogo. Nikiyaosha niyapeleke posho mili kuna shida? (Msomaji, Zimmerman)

Shida kubwa. Sumu ya kuvu hiyo, aflatoksini, haitoki kwa kuosha, na moto wa ugali hauimalizi. Mwaka 2004 Ukambani watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Usimpe ng'ombe pia, inapita kwenye maziwa. Kusaga mwenyewe ni jambo jema na ninaliunga mkono, lakini kwa mahindi safi, makavu, yasiyo na rangi ya kijani au weusi wala harufu ya uvundo. Kiwango cha Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na muuzaji mkubwa anayejiheshimu ana kipimo chake. Hakuna bei inayofanya mahindi mabovu kuwa nafuu.

Yaya anakula na kulala kwangu. Nikimpunguzia kutoka 9,000 hadi 6,000, si ni sawa kwa sasa? (Mama Donholm)

Si sawa. Kima cha chini kilichowekwa Novemba 2024 kwa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kilikuwa 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. Wewe ndiye unayedaiwa. Kama huwezi kumlipa mtu wa kudumu, mwambie ukweli mapema na utafute wa kuja siku mbili kwa wiki, umlipe siku zake kamili.

Inafaa kwenda soko la jumla la Marikiti au ninunue kwa mama mboga? (Mama Kangemi)

Vitunguu, viazi, karoti na kabichi nendeni majirani watatu au wanne, mgawane nauli na gunia. Sukuma, dania na nyanya mbivu nunua kwa mama mboga kiasi cha leo, maana vikioza jikoni umelipa mara mbili. Bebeni vikapu vyenu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 na bado kuna watu wanaonunua mfuko mpya kila wanapokwenda sokoni.

Mtungi wa maji umepanda tena kwa sababu ya mgao. Tufanyeje? (Msomaji, Mathare)

Maji ya kusuuza nguo yaende chooni na kwenye sakafu. Mfereji unaodondoka wekea ndoo usiku uone unachopoteza. Ya kunywa hapo msibane: chemsheni au tieni dawa, hata muuzaji akiwaambia ni ya kisima safi.

Mshahara ukiingia Fuliza (mkopo wa M-Pesa) inachukua karibu nusu, kufika tarehe 10 nimerudi huko huko. Nikate nini? (Mlinzi, Industrial Area)

Usikate chakula, ndugu yangu. Fuliza hukutoza asilimia moja unapoichukua, kisha ada ya kila siku mpaka umalize, na pesa yoyote ikiingia inajilipa kabla hujaamua. Mwezi mmoja utakuwa mgumu, sikufichi: lipa yote, kisha ujiondoe kwenye huduma hiyo kabisa. Siku hiyo hiyo ya mshahara nunua unga, mafuta, sabuni na gesi ya mwezi, na utenge nauli. Kodi ilipwe kabla ya jioni. Kama katikati ya tarehe 10 na 30 kuna pesa za kubeti, zikome kwanza, la sivyo hesabu yangu haitakufaa.

Halafu angalia ada za kutoa pesa. Kutoa 200 kwa wakala ni shilingi 29, na kutoa 2,500 ni 29 hiyo hiyo. Anayetoa 200 mara tano analipa 145 ili ashike 1,000. Toa ya wiki mara moja. Duka likiwa na tili, yaani namba ya kulipia kwa M-Pesa, lipa kwa tili, mnunuzi hatozwi.