Pweza wako wa mikokoni: mtengenezee pumzi kwanza

Mdogo wangu, kiumbe uliyembuni kwenye hadithi yako nimempenda: kizazi cha pweza miaka milioni 10 ijayo, anayewinda kaa juu ya tope la mikoko ya Chwaka, Unguja, maji yakitoka. Unauliza kwa nini wenzako hawamwamini. Si kwa sababu ya kutembea nje ya maji. Hata leo wapo pweza wanaotambaa kutoka kidimbwi hadi kidimbwi.

Tatizo ni pumzi. Nje ya maji matamvua hulala na kugandana kama nywele zilizolowa, hewa haipiti. Mtazame yule samaki mdogo anayerukaruka topeni: hubeba maji kwenye matamvua, na ngozi yake mbichi nayo hupumua. Basi mpe pweza wako mfuko wa maji wenye kuta imara na ngozi yenye mishipa mingi, awe anajigaragaza topeni asikauke.

Halafu kuna masika. Hakuna pweza hata mmoja anayeishi maji baridi, na mvua ikimiminika mikokoni chumvi hupungua. Ama umpe figo za kutoa maji ya ziada, ama ahamie ghubani mpaka mvua ikatike. Mimi ningemhamisha, hadithi inanoga zaidi.

Umeandika mama huwafundisha wanawe kutega. Pweza jike hufa mayai yakishaanguliwa! Kwa hiyo kwanza eleza alivyopata kuishi baada ya kuzaa.

Uwindaji uweke wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana na tope kuwa wazi mbali; wakati wa maji mafu, yanapotoka kidogo tu, apumzike. Mkono wa tisa uliompa uache ulivyo, haumdhuru mtu.