Kusi ni ileile, mbona samaki hawalingani?

Swali: Pwani ya Tanzania ina kilomita zipatazo 1,400. Mbona Peru huvua kwa mamilioni ya tani, nasi nyavu zinarudi nyepesi? (Msomaji, Kilwa)

Jibu: Wingi wa samaki hufuata mbolea iliyomo majini, si urefu wa pwani. Peru upepo huvuma kutoka kusini, ukiambaa na pwani. Kwa kuwa dunia inazunguka, kusini mwa ikweta maji ya juu hukengeuka kushoto mwa upepo, na kushoto kule Peru ni bahari kuu. Yakiondoka, maji baridi ya chini yenye mbolea ya naitreti na fosfeti hupanda kushika nafasi yake. Vijimea hustawi, nao anchoveta, samaki wadogo kama dagaa, hushiba.

Kwetu kusi, upepo wa kutoka kusini, nayo huelekea kaskazini, lakini kushoto kwake ni nchi kavu. Maji vuguvugu hurundikana pwani na kuifunika mbolea iliyo chini. Kusi hiyohiyo ikishavuka ikweta, maji hukengeuka kulia, na Somalia kulia ni baharini. Ndiyo maana kati ya Juni na Septemba bahari ya Ras Hafun hupoa na kuwa na rutuba. Bahari kuu yetu ina jodari, ila huhamahama: kumvua kunahitaji chombo cha kukaa baharini siku nyingi na barafu ya kutosha, si ngalawa.

Hata Peru si salama. Mwaka 1970 walivua anchoveta tani milioni 12 hivi. El Niño ya 1972, yaani bahari ile kupata joto kupita kawaida, juu ya uvuvi uliopita kiasi, ikawaangusha. Sehemu kubwa ya anchoveta husagwa kuwa unga wa kulishia mifugo na samaki: kilo 100 hutoa unga kilo 22 tu. Kwa hiyo ingawa mwaka 2022 ufugaji duniani ulitoa wanyama wa majini tani milioni 94.4 na kuupita uvuvi kwa mara ya kwanza, anayefuga samaki walao nyama bado anaitegemea bahari.

Swali: Bwawa langu la maji chumvi ni mita 20 kwa 50. Niliweka vifaranga 3,000 vya mwatiko. Miezi sita sasa, wamedumaa. (Msomaji, Mtwara)

Jibu: Umewajaza mno. Mwatiko hula utando wa kijani unaoota sakafuni mwa bwawa, na utando huo hautoshi zaidi ya samaki mmoja kwa mita moja ya mraba. Wako ni watatu.

Vuna, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, kisha tandaza samadi ya kuku kilo 200. Ingiza maji sentimita 10, ngoja utando ushike, ndipo uyapandishe polepole hadi 40. Yakizidi sana, mwanga haufiki chini. Yakipungua, jua huyachemsha na chumvi hupanda. Weka vifaranga wasiozidi 1,000, na lango lifunikwe kwa wavu wa matundu madogo, maana kolekole wachanga huingia na maji ya bamvua na kuwala wenzao.

Ukitaka bwawa la pili, chimba kwenye uwanda mtupu nyuma ya mikoko. Udongo wa mikoko ukichimbwa na kukauka hutoa asidi, na utando hauoti.