Nyumba ya kupangisha kwetu, Universal Credit Uingereza

Tax Credits, msaada wa zamani wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo, zilikoma tarehe 5 Aprili 2025, na kila wiki napokea maswali ya waliohamia Universal Credit, msaada uliochukua nafasi yake, huku wana nyumba kwetu Afrika Mashariki.

*Shikamoo dada. Nina kijumba Mbagala, nakipangisha kwa kama pauni 60 kwa mwezi. Zamani kilinipunguzia msaada kidogo tu. Sasa naambiwa nakatwa pauni 130.50 kwa mwezi! Nyumba yenyewe haifiki pauni 15,000. (Leicester)*

Marahaba, mdogo wangu. Hesabu hiyo si kosa. Tax Credits ziliangalia faida ya kodi ya pango, tena pauni 300 za kwanza kwa mwaka ziliachwa. Thamani ya nyumba haikuguswa. Universal Credit imegeuza mambo: nyumba usiyoishi inahesabiwa kama akiba, iwe Leeds au Mbagala.

Chukua hizo 15,000, toa asilimia 10 ya gharama za kuuza: 13,500. Pauni 6,000 za kwanza zinaachwa, zinabaki 7,500. Kwa kila 250 unahesabiwa kuwa na kipato cha pauni 4.35 kwa mwezi, kinachokatwa kwenye msaada wako, na hapo ndipo 130.50 inapotoka. Ukiwa na mkopo uliowekea nyumba hiyo dhamana, peleka hati zake, kwani mkopo huo unapunguza thamani inayohesabiwa. Akiba yote ikizidi 16,000, kwa kawaida hupati kitu. Na mpangaji akikulipa miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi Dar, fedha hizo nazo ni akiba.

Inaniuma kuona mtu anakatwa fedha ambazo nyumba haijawahi kumpa. Lakini ndiyo sheria, na ni heri uijue mapema.

*Nyumba yangu ya Tanga anaishi mama, ana miaka 74. Nayo? (Reading)*

Hiyo haihesabiwi. Nyumba anayoishi mzazi aliyefikia umri wa pensheni wa Uingereza inaachwa. Andaa cheti cha kuzaliwa au kitambulisho chake, na uthibitisho kwamba anaishi hapo.

*Nikimwandikia kaka hati, si nitakuwa salama? (Birmingham)*

Usifanye hivyo, nakusihi. Maofisa wa Universal Credit wakiona umeigawa ili upate msaada, wataihesabu bado ni yako, na hati umeshaitoa. Kama kweli unataka kuuza, tangu unapoanza kutafuta mnunuzi nyumba huachwa miezi sita, na muda unaweza kuongezwa. Tunza kila ujumbe wa dalali.

*Nimempangisha kijana chumba kimoja hapa ninapoishi. (London)*

Kodi yake haipunguzi Universal Credit yako. Ila kama nawe umepanga, omba kwanza ruhusa ya mwenye nyumba.

*Sikuitaja nyumba ya Mombasa nilipojaza maombi. Nifanyeje? (Leeds)*

Nenda Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, wiki hii, ushauri ni bure. Kisha uiandike mwenyewe kwenye akaunti yako ya Universal Credit, pamoja na tarehe uliyoipata na thamani yake. Kilicholipwa zaidi watakidai, lakini deni linakua kila mwezi unaokaa kimya.