Rangi Iliyobaki: Msiimwage Mtaroni

Nimemaliza kupaka nyumba hapa Sakina, Arusha. Kwenye ndoo ya lita 20 ya rangi ya maji imebaki robo. Fundi anasema niimwage mtaroni. Ni sawa?

Hapana, mama. Mtaro wa mvua hauna chujio, unapeleka mtoni, na huko chini kuna watu wanamwagilia mboga. Kwanza ikoroge kwa fimbo dakika tano. Ikilainika yote bila mabonge wala harufu ya kuoza, bado nzima: mpe jirani, au paka mkono wa kwanza stoo.

Kama imeoza, igandishe. Changanya na maranda au mchanga mkavu, kopo kwa kopo, kisha tandaza juu ya nailoni unene usiozidi sentimita 2, penye hewa, mbali na watoto na kuku. Wengi hukosea kwa kuianika ikiwa ndani ya ndoo: juu inafanya ngozi, chini inabaki uji hata mwezi mzima. Masika ianike chini ya bati, na ikiendelea kuwa laini ongeza maranda. Ikishakuwa kavu hadi ndani, ifunge kwenye mfuko iende na gari la taka.

Rangi ya mafuta, na thina niliyooshea brashi, naweza kuchoma pamoja na majani ya migomba? (Majengo, Moshi)

Usithubutu. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa, na moto unakurudia ulipo. Moshi wa rangi za zamani nao unaweza kubeba madini ya risasi.

Thina chafu ifunge kwenye kopo la bati siku mbili tatu. Rangi itazama, mimina ile ya juu taratibu, itaosha brashi tena. Tafadhali isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, mtoto ataibugia. Tope la chini, na rangi ya mafuta yenyewe, ni taka hatari: funga vizuri, andika kilichomo, muulize afisa afya wa kata ipelekwe wapi.

Matambara yenye vanishi au mafuta ya kitani usiyarundike. Yakiwa yanakauka ndani ya rundo hujipasha joto hadi kuwaka yenyewe. Yaanike nje, moja moja.

Na kuimwaga rangi kwenye choo cha shimo?

Hapana. Inanyonywa na udongo kuelekea visimani. Kwenye septiki inaua vijidudu vinavyosaga uchafu.

Ndoo nimeisugua ikatakata. Naweza kuitilia mbege, pombe yetu ya ndizi?

Hapana, hata ikinukia sabuni. Rangi ya maji ina dawa za kuzuia ukungu, na plastiki huzinyonya. Mbege ina uchachu na inakaa humo saa nyingi, hivyo inaweza kuzitoa dawa hizo. Ndoo hiyo ibebee kokoto, au itoboe chini uoteshe maua. Ya mbege nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula.