Mke ana mimba ya miezi 6, niuze gari ndogo nichukue SUV?

Swali: Habari fundi. Mke wangu ana mimba ya miezi 6, ni mtoto wetu wa kwanza. Tuna gari ndogo ya milango mitano, injini ya 1300, ya mwaka 2008, imetembea km 148,000 na haijawahi kunisumbua. Sasa ndugu pande zote mbili wananiambia hii gari haifai kubebea mtoto, niuze nichukue SUV hata kama ni ya mkopo, wanasema gari kubwa ndo salama. Mke mwenyewe anaendesha hiyo hiyo kwenda kazini kila siku. Shemeji ametupa kiti cha mtoto walichokuwa wanatumia wao. Nifanyeje?

Jibu: Hongereni sana kaka, na mama kijacho mpe salamu zangu. Nitakujibu kama fundi ambaye kila wiki napata baba mmoja au mama mmoja anayekuja na swali hili hili, na wengi wanakuja wakiwa wameshauza gari ya kwanza, ndo maana nimefurahi wewe umeuliza kabla.

Usiuze kwanza. Kwa maelezo uliyonipa hakuna hata kitu kimoja kinachosema hiyo gari haifai, unachotakiwa ni kuipima, na kuipima ni kazi ya siku moja tu. Mtoto mchanga halindwi na ukubwa wa gari peke yake, anayemlinda kwanza ni kiti chake na jinsi kilivyofungwa, halafu breki na tairi, halafu ndo unakuja kwenye gari yenyewe. Ndugu zako hawajakosea kabisa, ni kweli gari nzito ikigongana na nyepesi, walio kwenye nyepesi ndo wanaumia zaidi, hilo siwezi kukuficha. Ila gari ya juu nayo kitovu chake cha uzito kiko juu, ukikata kona ghafla inapinduka kirahisi kuliko gari ya chini, hasa zile za zamani ambazo hazina mfumo wa kuzuia gari kuteleza (kwenye kitabu cha gari utakuta wameandika ESC au VSC). Kwa hiyo ukichukua mkopo ukanunua SUV ya zamani isiyo na mfumo huo, imechoka shokapu, historia yake huijui, umeacha gari ya miaka mingi unayoijua mlio wake mpaka usiku, sioni hapo mtoto amepata usalama gani.

Sasa twende kwenye kupima. Azima kiti cha mtoto mchanga, kile cha kuangalia nyuma, au omba dukani wakuruhusu ukijaribishe kwenye gari kabla hujalipa, wauzaji wanaoijua kazi yao wanakubali. Kiweke siti ya nyuma. Mtoto lazima aangalie nyuma, na sababu ni kichwa chake, kichwa cha mchanga ni kama robo ya urefu wake wote na shingo bado laini, gari ikigonga mbele huku yeye anaangalia mbele kichwa kinavutwa chote na shingo ile, lakini akiwa ameangalia nyuma mgongo mzima na kichwa vinapokelewa na kiti kwa pamoja. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya viti hivi, R129, inataka mtoto aangalie nyuma mpaka apite miezi 15, na mimi nakushauri umuache hivyo muda wote ambao kiti bado kinamtosha kwa urefu na kilo zilizoandikwa juu yake, usiwe na haraka ya kumgeuza eti miguu imekunjika, miguu kukunjika haina shida.

Ukishakiweka cheki vitu hivi. Ingiza vidole kwenye mfereji kati ya mgongo wa siti na pa kukalia, ukikuta vyuma viwili vyenye umbo la U vimeachana kama sentimita 28, hiyo ni ISOFIX, kiti chenye kucha zake kinang'ata hapo moja kwa moja bila mkanda. Kama hakuna usife moyo, mkanda wa pointi tatu unafunga kiti vizuri tu ukipitishwa njia sahihi, na kwenye kiti zile njia wameziwekea rangi. Shida ninayokutana nayo sana kwenye gari ndogo ni mkanda kuwa mfupi, kile kiti cha mchanga kinakula mkanda mrefu kwa sababu unazunguka mgongoni kwake, unavuta mpaka mwisho na bado haufiki kwenye kifungio. Hapo usiunge wala usiongeze kipande cha kienyeji, tafuta aina nyingine ya kiti. Siti ya katikati nyuma ni sehemu nzuri kwa sababu iko mbali na milango, lakini gari nyingi za umri wa yako pale katikati pana mkanda wa kiunoni tu, na kiti cha mchanga kilichotengenezwa kwa mkanda wa pointi tatu hakifungwi na huo. Basi weka pembeni, upande ambao unashuka mbali na magari yanayopita. Ukimaliza kufunga shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise, kikicheza zaidi ya sentimita 2 na nusu rudia.

Halafu hapa ndo penye jibu lako lenyewe. Kiti kikiwa kimekaa, kaa kwenye siti ya mbele yake, wewe na mkeo kila mtu kwa zamu yake. Viti vya kuangalia nyuma vinalala, vinakula nafasi, na kwenye gari ndogo mara nyingi siti ya mbele inabidi isogezwe. Kama anayeendesha magoti yanagusa dashibodi, au kifua kiko chini ya sentimita 25 kutoka kwenye usukani, hamisha kiti cha mtoto upande wa abiria urudie kupima. Ikishindikana pande zote mbili, hapo sasa ndugu zako wana hoja na mimi nitakuwa upande wao, badilisha gari. Na hata hapo haimaanishi SUV, stesheni wageni au saluni ya kawaida yenye nafasi nyuma inamaliza kazi. Sababu nyingine ambazo mtu akinitajia nakubali haraka ni gari yenye kabini moja kama pikapu isiyo na siti ya nyuma, gari isiyo na mikanda ya pointi tatu nyuma, gari ya milango miwili (jaribu kumwingiza mtoto aliyelala kwenye gari ya milango miwili huku mvua inanyesha, mgongo utakwambia), na gari iliyowahi kugongwa vibaya ikanyooshwa chasi.

Siti ya mbele sahau. Najua mzazi akiwa peke yake anatamani mtoto awe karibu amwone, lakini kiti cha kuangalia nyuma kikiwekwa mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga) inayofanya kazi, ile eabegi inafumuka kwa kasi inayozidi km 200 kwa saa na inapiga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa. Na kumpakata ndo kabisa usiruhusu, hata kama ni bibi yake ameomba, hata kama ni kona mbili tu kufika nyumbani. Piga hesabu mwenyewe, gari iko km 50 kwa saa ikagonga ikasimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 4 anavuta mikono ya aliyembeba kama mzigo wa kilo 80. Hakuna mikono ya kushika hiyo.

Kuhusu kiti cha shemeji, mshukuru halafu mpigie umuulize maswali mawili, kiliwahi kuwa kwenye gari iliyopata ajali? Na kina miaka mingapi? Kikishapata ajali ya maana kinatupwa hata kama hakina ufa wa kuonekana. Umri wake kigeuze uangalie chini kwenye plastiki, kuna tarehe ya kutengenezwa, na vingine vina mwisho wa matumizi kabisa, vingi vimepangiwa kati ya miaka 6 na 10. Majibu yakiwa safi, mikanda haijachanika, vifungio vinalia kwa nguvu, na kitabu chake kipo au unakipata kwenye intaneti, kitumie bila wasiwasi. Kama shemeji hakumbuki, nunua kingine, hii ni sehemu moja ambayo nakuomba usibane pesa.

Ile pesa ya mkopo uliyokuwa unaifikiria, sehemu yake ndogo tu iingize kwenye gari uliyonayo. Anza na tairi, ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni namba nne, mfano 2319 maana yake tairi ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeshatoa tairi zenye meno mazuri kabisa ila zina miaka 11, mpira umekauka una nyufa kama udongo wa kiangazi, hizo kwenye lami yenye maji hazishiki. Kwenye breki usiishie kwenye pedi, badilisha na mafuta ya breki kama yamepita miaka miwili kwa sababu yanavuta unyevu, ukikanyaga sana kwenye mteremko mrefu yanachemka na pedali inazama. Shokapu na boljointi (viungo vinavyoshika magurudumu ya mbele) vikaguliwe, na mikanda yote ya nyuma uivute kwa ghafla uone kama inakaba. Taa ya eabegi kwenye dashibodi ukifungua swichi iwake kidogo halafu izime, ikibaki inawaka au isiwake kabisa ina tatizo. Na chukua namba ya chasi uiulizie kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari kama iliitwa kurudishwa kwa ajili ya eabegi, gari nyingi sana za miaka ya yako ziliingia kwenye ule mkumbo wa eabegi mbovu zilizotengenezwa na kampuni ya Takata, na marekebisho yake huwa hayatozwi.

Ekzosti nimeiacha mwisho kwa makusudi kwa sababu hiyo ni ya leo, usisubiri mtoto azaliwe. Umesema mkeo anaendesha kila siku. Ekzosti ikitoboka chini ya sakafu ule moshi unaingia ndani, una kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi na aliye tumboni inamuumiza kuliko hata mama yake. Gari ipandishwe juu wiki hii ikaguliwe bomba lote mpaka mwisho. Mwambie pia mkanda wa chini aupitishe chini ya tumbo ulale kwenye mifupa ya nyonga, usipande kabisa juu ya tumbo, na wa juu upite katikati ya matiti halafu pembeni ya tumbo. Eabegi ya dereva asiizime, asogeze tu siti nyuma kadiri mguu unavyofika vizuri kwenye pedali, na usukani uelekee kifuani badala ya tumboni. Tumbo likishakuwa kubwa kiasi kwamba hizo sentimita 25 hazipatikani tena, hapo funguo chukua wewe, yeye akae siti ya abiria na mkanda wake vile vile.

Ukishajaribisha kile kiti nitumie vipimo viwili, urefu wako na nafasi iliyobaki kati ya magoti na dashibodi, tuamue pamoja kabla hujasaini huo mkopo.