Sauti imenipwelea mwezi wa tatu sasa

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, umri wangu miaka 38, na jioni nasomesha madrasa. Sauti imenipwelea miezi mitatu. Asubuhi inatoka, adhuhuri inakwaruza, magharibi haipo kabisa. Nimepewa antibiotiki mara mbili, na nyumbani nakunywa tangawizi na asali. Nifanye nini?
Mwalimu, Wete

JAWABU: Waalaykum salaam, mwalimu. Antibiotiki ziache. Zinaua bakteria, na sauti iliyopwelea muda huo bila ya homa mara chache sana husababishwa na bakteria. Tangawizi kunywa ukiipenda, lakini haifiki kwenye nyuzi za sauti: kinywaji kikizigusa, unapaliwa.

Sauti ikipwelea zaidi ya wiki 4, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni, lazima litazamwe kabla ya dawa nyengine yoyote. Omba barua ya rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kama hapo ulipo hayupo, nenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Usiogope kipimo chenyewe. Pua hupuliziwa dawa ya ganzi, kisha hupitishwa mpira mwembamba wenye kamera, nawe unaambiwa useme "iii" ndefu. Ni dakika chache tu. Baada yake usile wala usinywe mpaka ganzi iishe, kiasi cha saa moja, maana koo lenye ganzi hupalia.

Kwa mtu anayesomesha mchana kutwa, kinachoonekana mara nyingi ni sugu: vivimbe viwili vinavyotazamana, kimoja katika kila uzi, pale nyuzi zinapogongana zaidi. Nyuzi za mwanamke hugongana kiasi cha mara 200 kwa sekunde. Sugu hazikimbiliwi kwa kisu. Zikikatwa nawe ukarudi kupaza sauti vile vile, zinaota tena. Uvimbe wa upande mmoja ni jambo jengine. Huo mara nyingi huhitaji upasuaji.

Tiba ya sugu ni mazoezi, na hufanywa kwa wiki kadhaa. Wataalamu wa tiba ya usemi ni haba, basi mwombe daktari akuelekeze, na hili anza nalo. Tia maji nusu glasi, zamisha mrija sentimita 2, kisha puliza huku ukitoa "uuu" laini ili maji yatoe mapovu mfululizo. Dakika 5, mara tatu au nne kwa siku. Mapovu yakikatika, pumzi imekwisha au koo limekazwa. Anza upya kwa sauti ya chini zaidi. Mrija ukiuzamisha mno utalazimika kusukuma, na kusukuma ndiko kulikokuumiza.

Darasani piga makofi badala ya kuita. Usinong'one, kwa wengi kunaliminya zoloto. Ukihisi makohozi, meza funda la maji badala ya kujikohoza. Na kama una kiungulia, urojo wa usiku upunguze, na ukila daku usijilaze papo hapo. Inua matendegu ya kichwani kwa vipande vya mbao, sentimita 15.

SUALI: Mume wangu ana miaka 58, anavuta sigara. Sauti yake imekuwa nzito miezi miwili. Mwenyewe anasema ni kikohozi.
Mama wa nyumbani, Mkoani

JAWABU: Bibi, huyu asingoje hata wiki moja zaidi. Saratani ya nyuzi za sauti hujitangaza mapema, kwa kuwa kidonda kidogo tu kinatosha kuharibu mtetemo, na ikikamatwa hapo huwa na nafasi kubwa ya kupona. Daktari akiona kidonda atakata kinyama kikapimwe. Mionzi ikihitajika, inatolewa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Sigara aache leo.

Akimeza kwa maumivu yanayochoma mpaka sikioni, akitema damu, au ukiona uvimbe shingoni, mwambie daktari mwanzo kabisa. Akianza kupumua kwa mlio, msingoje miadi: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.